Vifo Vitatu na Harusi, Wiki Haijaisha

Hoja iliyo mezani ni hii: tamthilia inayorundika misiba ya miaka kumi ndani ya wiki moja inamfanya mtazamaji mjinga. Kielelezo ni Neighbours, tamthilia ya Australia iliyoanza kurushwa 18 Machi 1985, na wiki inayoshitakiwa ni ile ya 16 hadi 20 Machi 2020, ilipoadhimisha miaka 35. Wasemaji watatu nimewaunda mwenyewe, kwa sababu watu wa kweli wakibishana kuhusu tamthilia hakuna anayengoja zamu yake. Mwalimu amestaafu, alifundisha fasihi sekondari na haamini kwamba kitu kinachotolewa kila siku ya kazi kinaweza kuwa fasihi. Mama Mdogo ni shemeji yake, aliyeishi Birmingham miaka mingi kabla ya kurudi Tanga. Kijana ni mtoto wa Mwalimu. Anaandika miswada ya tamthilia Dar es Salaam, yaani anakula kutokana na kile ambacho baba yake anakiita upuuzi. Mimi nitaingilia pale tu itakapobidi, ingawa najijua.

MWALIMU: Nisome mashtaka kwanza, maana shemeji akianza hatutapata nafasi. Mtaa mmoja, Ramsay Street, katika kitongoji cha kubuni kinachoitwa Erinsborough, pembezoni mwa Melbourne. Nyumba sita, namba 22 hadi 32. Wiki moja tu. Humo harusi zinafuatana, mwanamke anakufa kwa mlipuko, mchumba wake anakufa kwa mshale, mwanamke mwingine anajifungulia kisiwani, na muuaji mwenyewe hamalizi wiki. Ebrahim Hussein aliitia vita nzima ya Majimaji ndani ya Kinjeketile, na bado akatuachia muda wa kufikiri. Hawa wanatuachia muda wa matangazo.

MAMA MDOGO: Umeitazama, shemeji?

MWALIMU: Nimesimuliwa na mwanao huyu.

MAMA MDOGO: Basi umesimuliwa mwisho bila mwanzo. Huyo muuaji, Finn Kelly, hakushuka Jumatatu na upinde mkononi. Aliingia Erinsborough kama mwalimu, mwalimu wa shule kama wewe, mwenye tabasamu na maneno laini. Mwaka 2018 uovu wake ukafichuka, akaporomoka jabalini, akalazwa hospitali hana fahamu. Alipozinduka 2019 hakukumbuka lolote alilolifanya. Sasa sikiliza. Susan Kennedy, mkuu wa shule ile, ambaye Finn alikuwa ameyatia maisha yake hatarini, ndiye aliyemchukua akamweka nyumbani kwake, namba 28. Majirani wakamsema, hakujali. Swali likawa: mtu asiyekumbuka alichotenda, ni yuleyule aliyekitenda? Hilo, mwalimu wa fasihi, ni swali au si swali?

MWALIMU: Ni swali. Likajibiwa kwa mshale.

MAMA MDOGO: Lilijibiwa kwa miezi. Kumbukumbu zikamrudia, akazificha, akawa anakaa meza moja na watu aliokusudia kuwamaliza. Wewe mtazamaji unajua, Susan hajui, anamwambia karibu chakula. Unakaa unaipigia kelele runinga kama mwendawazimu. Ile wiki ya Machi ilikuja kumalizia tu kazi iliyokwisha kufanyika jikoni.

KIJANA: Mama mdogo, nakuunga mkono nusu. Finn alijengwa vizuri. Lakini wiki yenyewe haikutoka kichwani mwa mwandishi, ilitoka kwenye kalenda ya watu wa masoko. Tamthilia inatimiza miaka 35, magazeti yanataka la kuandika, kituo kinataka watazamaji waliohama warudi japo kwa siku tano. Kwa hiyo vipindi vya kawaida vya jioni vikabebeshwa harusi. Wahusika wa zamani wakaitwa, Des na Jane wa miaka ya 1980 wakafungishwa ndoa ukubwani. Halafu vikaongezwa vipindi vitano vya usiku, hivyo vikapewa kisiwa, damu na Finn. Siku tano, vipindi kumi. Hata kwetu ni hivyohivyo. Prodyuza anakuja na takwimu za watazamaji, anasema, "Mwezi wa saba nataka moto." Hasemi moto wa nini. Mnabaki kwenye chumba mnatafuta nani aungue.

MWALIMU: Mnamtafutaje?

KIJANA: Unauliza kwanza mkataba wa nani unaisha. Kwenye vibanda vya video watu walikuwa wanasema steringi hafi. Sisi tunasema mwenye mkataba hafi. Ukiona mwigizaji ameanza kuomba ruhusa kwenda usaili mahali pengine, mwandishi anaanza kumtafutia ugonjwa.

MWALIMU: Umesikia, shemeji? Fundi mwenyewe anakiri kuwa ni biashara.

MAMA MDOGO: Na wewe mshahara wako wa ualimu ulikuwa sadaka?

MWANDISHI: Naingilia. Kuna jambo kuhusu wiki ile ambalo hakuna mwandishi wa miswada angethubutu kulipeleka kwa prodyuza. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilikwishatangaza korona kuwa janga la dunia. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Ijumaa tarehe 13. Tanzania ilitangaza wa kwake Jumatatu tarehe 16, siku ambayo wiki hii tunayoigombania ilianza. Ijumaa tarehe 20, wiki ilipofika mwisho, Australia ikawa inafunga mipaka yake kwa watu wasio raia wala wakazi. Vipindi vyenyewe vilirekodiwa muda mrefu kabla ya hapo. Watu waliokaa kuwatazama wenzao waliokwama kisiwani bila msaada walikuwa wanaanza kukwama wenyewe sebuleni. Simwambii mtu kwamba hiyo ilikuwa ishara, ilisadifu tu. Lakini anayesema kwamba mambo makubwa hayawezi kurundikana ndani ya siku tano, amechagua mwaka mbaya wa kulisemea, huo wa 2020.

MWALIMU: Hainisumbui. Maisha hayana wajibu wa kuaminika, msimulizi anao. Mwanafunzi akiniandikia insha ambayo watu watatu wanakufa kurasa mbili, simwulizi kama vifo hutokea. Namwuliza kwa nini hakunifanya niwajue kabla hawajafa.

KIJANA: Hapo baba kasema kitu. Lakini mimi kinachonivutia ni kilichofuata. Upigaji picha ulisimama kwa muda mfupi, na mwishoni mwa Aprili wakarudi kazini, miongoni mwa tamthilia za kwanza kabisa kurudi. Masharti yalikuwa hivi: mita moja na nusu kati ya mwigizaji na mwigizaji, hakuna busu, hakuna kushikana mikono, na wafanyakazi wamegawanywa makundi yasiyochanganyika. Kamera ikawekwa kwa pembe inayowafanya watu walioachana mbali waonekane wamekaribiana. Nilipozisoma habari hizo nilijiuliza: ukimnyima mwandishi busu, kofi na bega la kulilia, anabaki na nini? Anabaki na maneno. Na tamthilia haikufa.

MWALIMU: Maneno ndiyo niliyokuwa nayataka tangu mwanzo! Mnaikumbuka Twende na Wakati ya Radio Tanzania, kuanzia 1993? Mkwaju, dereva wa lori. Hakuna aliyemlipua. Alikwenda safari akarudi, huko njiani ana wanawake wake, nyumbani mkewe Tunu anavumilia, na ukimwi ukamfikia kidogo kidogo kama ulivyokuwa unawafikia watu mitaani. Nchi nzima ilimjua Mkwaju. Watu walikuwa wanalitaja jina lake kumsimanga mwanaume asiyetulia. Ile ndiyo kazi.

MAMA MDOGO: Shemeji, ile ni tamthilia. Umetoka kuisifu tamthilia.

MWALIMU: Nimesifu elimu kwa njia ya redio.

KIJANA: Na Isidingo je, baba? ITV, kila jioni, kiti chako kilekile?

MWALIMU: Nilikuwa nasubiri taarifa ya habari.

MWANDISHI: Jibu hili nimelisikia kwa wanaume wengi wa rika lake, na wote walikuwa wakijua nani kamsaliti nani pale mgodini. Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoanza 1998, ilirusha sehemu yake ya mwisho 12 Machi 2020, siku nne kabla ya wiki yetu. Endeleeni.

MAMA MDOGO: Ngoja niwaambie wiki ya kweli ya Neighbours ilikuwaje, maana mnagombania wiki ya sherehe. BBC walianza kuionesha 27 Oktoba 1986, mchana. Walikuwa wanafungua matangazo ya mchana na walitaka kitu cha kujaza saa kwa bei nafuu. Januari 1988 wakaanza kuirudia saa 11 na dakika 35 jioni, watoto wametoka shule, mama kaingia jikoni. Birmingham saa hizo mwezi wa Januari ni giza totoro. Dirishani mvua ya baridi. Kwenye runinga jua, uwanja wenye majani, bwawa la kuogelea, mtu kavaa kaptula anaosha gari lake huku anamsema jirani. Tamthilia za Waingereza wenyewe zilikuwa baa, mvua na ugomvi. Hii ilikuwa jirani anaingia kwa mlango wa jikoni bila kupiga hodi, anafungua friji, anauliza kuna nini humu. Mimi niliyetoka Tanga, unadhani ni kitu gani nilikuwa sijakiona tangu nishuke Uingereza? Mtu kuingia bila miadi! Nilikaa katika barabara moja miaka mitatu najua rangi ya milango ya watu na sijui majina yao.

MWALIMU: Hilo nalielewa.

MAMA MDOGO: Hata mwasisi wake, Reg Watson, Mwaustralia, alikuwa ametengenezea tamthilia ya Crossroads palepale Birmingham miaka ya 1960. Akarudi kwao na ufundi huo. Kwa hiyo kitu kilitoka Birmingham, kikaenda kuota jua, kikarudi Birmingham kututazama.

KIJANA: Na mlikuwa nyuma yao.

MAMA MDOGO: Zaidi ya mwaka! Scott na Charlene, yaani Jason Donovan na Kylie Minogue, walifunga ndoa Australia 1 Julai 1987. Sisi tuliiona Novemba 1988. Mwenye ndugu Melbourne alikwishaandikiwa barua, anajua gauni lilivyokuwa, anakuja kazini kututambia. Na bado karibu watu milioni 20 tulikaa kuitazama.

MWALIMU: Milioni 20 kutazama harusi ya watu wasiowajua.

MAMA MDOGO: Tulikuwa tunawajua, ndiyo hoja yangu. Yule binti alikuwa fundi magari, ovaroli na mafuta mikononi, anagombana na mama yake Madge kila kukicha. Wiki nenda wiki rudi hakutokei kitu: mtihani, ajira, nani kamwazima nani nini na hajarudisha. Ijumaa wanakatia patamu, na patamu penyewe ni mtu kagonga mlango. Siku ya harusi hatukuhitaji bomu. Binti aliingia kanisani polepole, mvulana akageuka kumtazama, basi. Nyumbani kwangu watu wanalia, na wali unaungua.

KIJANA: Hapo ndipo ninapokubana, mama mdogo. Unaongea kana kwamba zamani palikuwa shwari na vurugu imekuja juzi. Tamthilia hiyohiyo mwaka 1990 ilimwonesha mbwa Bouncer akiota anafunga ndoa na mbwa wa jirani. Mwaka 1991 ikampoteza Harold Bishop: yuko ufukweni, wimbi linamchukua, anayemtafuta anakuta miwani yake juu ya mwamba. Miaka mitano baadaye anaonekana, hajijui, anaitwa Ted, yuko na Jeshi la Wokovu. Mwaka 2003 Toadie anamwoa Dee. Wametoka harusini, gari linaruka jabali mpaka baharini. Dee anarudi 2019! Mwaka 2005, wakiadhimisha miaka 20, ndege inalipuliwa, na Harold huyohuyo anapoteza mwanawe, mkwewe na mjukuu wake kwa mpigo. Bahari ya Australia inameza watu na kuwatapika kwa kufuata ratiba ya uzalishaji.

MWALIMU: Mnaona? Nimeshinda bila kuinuka kitini.

MAMA MDOGO: Hujashinda. Rudini kwenye ile miwani. Walikuwa na bahari nzima ya kutuonesha wakatuonesha miwani. Ian Smith, aliyemwigiza Harold, tulikuwa tumemtazama miaka minne: mtu mnene, mcha Mungu, mkali kwa mambo madogo, mashavu yanatikisika akihamaki. Kuna watu walikuwa wanamchoka, mimi mmojawapo. Sasa mtu asiyemjua Harold ukimwonesha miwani juu ya jiwe, anaona miwani juu ya jiwe. Sisi tulinyamaza sebule nzima. Ukitaka kujua kama tamthilia imefanya kazi yake, usitazame ukubwa wa wimbi. Tazama inaweza kukuumiza kwa kitu kidogo kiasi gani.

KIJANA: Na kurudi kwake je?

MAMA MDOGO: Kurudi kwake kulikuwa wizi. Sikatai. Nilifurahi na nikajua nimeibiwa.

MWANDISHI: Nitasema upande nilipo, kwa kuwa nimekaa kimya muda wa kutosha. Hoja ya Mwalimu inalenga wingi wa matukio, na mimi naona wingi si kosa. Kosa ni kulipua kabla hujaishi na watu. Nitatoa mfano ambao hakuna kati yao aliyeutaja. Mwaka 2002 Susan Kennedy, huyuhuyu aliyemfuga Finn, aliteleza jikoni kwenye maziwa yaliyomwagika. Akagonga kichwa. Alipoamka aliamini ana miaka 16. Mume hamjui, watoto hawajui. Kwa kipimo chochote ni upuuzi, na madaktari wangekuwa na maneno. Lakini tazama kilichofuata: Karl, daktari, mume wa miaka mingi, anamtembelea mke wake kama mgeni na inabidi amtongoze upya, na hajui kama yule binti wa miaka 16 aliyemo ndani ya mwanamke huyu angemchagua leo. Mlipuko wa pakiti moja ya maziwa ukafungua swali ambalo wenye ndoa ndefu wanalikwepa.

Jackie Woodburne na Alan Fletcher waliingia kuigiza Susan na Karl mwaka 1994. Baadaye Karl akamsaliti, wakaachana, wakaoana tena 2007 kwenye boti katika mto Thames, London. Walipofika ile wiki ya Finn walikuwa wamekaa namba 28 zaidi ya miaka 25. Sinema humpaka mwigizaji unga nywele zionekane na mvi. Hawa mvi zao ziliota kamera ikiwaka. Riwaya haiwezi hilo, tamthilia ya jukwaani haiwezi, na sinema ikijaribu inachukua miaka 12 na kupewa tuzo. Kwa hiyo prodyuza anapomtuma mtu mwenye upinde katika nyumba ya namna hiyo, anatumia kitu ambacho hakikununuliwa kwa bajeti ya wiki moja. Akikitumia mara nyingi bila kukirudishia siku za kawaida, kitaisha.

MWALIMU: Umemaliza? Maana uliahidi kuingilia pale itakapobidi.

KIJANA: Baba, niache na mimi nishitaki, maana wewe unashitaki kosa dogo. Mtu anaweza kuangukiwa na jabali. Kisichoaminika ni nani alikuwa anaishi mtaa ule. Melbourne ni mji wa Wagiriki, Waitalia, Wavietnamu, Wachina, Wahindi, Wasudani Kusini, na ardhi ile ina wenyewe walioikalia maelfu ya miaka kabla ya meli ya Mwingereza. Ramsay Street ikawa nyumba sita za Wazungu wanaooana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1993 waliletwa akina Lim, familia ya Kichina. Wakakaa kidogo tu, na mkasa waliopewa ni kutuhumiwa kumla mbwa wa jirani. Mwigizaji wa kwanza wa asili ya wenyeji wa Australia kuingia katika kundi kuu, Meyne Wyatt, aliingia 2014. Tamthilia ina miaka 29! Na mwaka 2021 yeye na mwigizaji mwenzake Shareena Clanton walisema hadharani kwamba walikumbana na ubaguzi wakati wa kazi. Sasa niambieni, kipi kigumu kuamini: mshale mmoja kisiwani, au mtaa wa Melbourne wa miaka 29 bila mwenyeji?

MAMA MDOGO: Mwanangu, sisi tuliokuwa Birmingham tuliliona hilo siku ya kwanza. Ulidhani tulikuwa vipofu? Mtoto wangu aliniuliza kama Australia hakuna watu weusi. Nikamwambia wapo, hawajaandikiwa.

KIJANA: Na bado mkatazama.

MAMA MDOGO: Tulitazama. Tuliangalia pia Wahindi wakicheza kwenye milima ya Uswisi na Waturuki wakisalitiana kwenye majumba ya kifahari. Mtu akisubiri aandikiwe yeye ndipo awashe runinga, atakaa gizani muda mrefu.

MWALIMU: Kwa hiyo si kioo cha jamii, kama mnavyopenda kusema.

KIJANA: Sijawahi kusema kioo. Mara nyingi inafuata nyuma. Harusi ya Aaron na David, wanaume wawili, Septemba 2018, ya kwanza ya namna hiyo katika tamthilia za Australia...

MWALIMU: Hilo tuliruke.

KIJANA: Naliruka, nataka tarehe tu. Sheria ya nchi ilibadilika Desemba 2017. Tamthilia ikafuata miezi tisa baadaye. Wanaodhani tamthilia inaigeuza nchi, na wanaoiogopa kwa sababu hiyo, wote wanaikuza kuliko ilivyo.

MWALIMU: Basi ibaki hoja yangu moja. Mmekubali wote wawili, na huyu mwandishi asiyenyamaza, kwamba wiki za milipuko zinakula akiba ya siku za kawaida. Sasa kwa nini wanazifanya? Wajinga?

KIJANA: Hapana, baba. Wana njaa. Australia kwenyewe watazamaji walikuwa wachache siku nyingi. Ilihamishiwa hata kwenye kituo kidogo cha Ten. Kilichoiweka hai ni Uingereza. BBC ilipoiachia, Channel 5 ikaichukua Februari 2008, na kufikia mwisho fedha yao ndiyo iliyokuwa inabeba uzalishaji. Fikiria: nyumba ziko Pin Oak Court, Vermont South, zina wenyewe wanaoishi humo, watalii walikuwa wanakuja kwa mabasi, ndani ya nyumba paliigizwa studio Nunawading, dakika chache kwa gari, na mlipaji alikuwa London. Mlipaji wa mbali haoni jikoni. Anaona namba kila Jumatatu. Ukimpelekea sehemu nzuri ambayo mume na mke wanaosha vyombo hawaongei, atakuuliza kulitokea nini. Ndiyo maana mlipuko. Mlipuko unaonekana kutoka London.

MAMA MDOGO: Na uliwasaidia?

KIJANA: Haukuwasaidia. Februari 2022 Channel 5 ikatangaza inajitoa. Wazalishaji, Fremantle, wakatafuta mwingine wakakosa. Tarehe 28 Julai 2022 wakafanya mwisho mkubwa, Kylie na Jason wakarudi, Guy Pearce akarudi, hata Margot Robbie aliyeanzia pale akaonekana kidogo. Miezi michache baadaye Amazon wakaja na fedha. Tamthilia ikarudi 18 Septemba 2023, safari hii vipindi vinne kwa wiki. Amazon nao wakachoka. Sehemu ya mwisho ilitoka 11 Desemba 2025.

MWALIMU: Kwa hiyo imekufa mara mbili.

KIJANA: Mara tatu. Ya kwanza ilikuwa utotoni. Seven, kituo kilichoianzisha, kiliifuta 1985 baada ya vipindi 170, haijamaliza mwaka. Ten wakaiokota, Januari 1986 ikaendelea.

MAMA MDOGO: Imekufa mara tatu, imefufuka mara mbili. Harold naye tulimlilia, miwani ikahifadhiwa, miaka mitano.

MWALIMU: Shemeji, usianze.

MAMA MDOGO: Nasema tu. Waliosema mwaka 2022 kwamba imekwisha walikuwa na uhakika kama ulio nao wewe leo.

KIJANA: Mama mdogo, Harold alirudi kwa sababu Ten walikuwa wanalipa Australia na BBC wanalipa London. Nitajie wa leo.